Simu kwenye gari: iwekwe wapi, ichajiwe vipi, na ajali ikitokea itumikeje?

Msafara6

Wakuu habari. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa madereva wa magari sita: mabasi madogo matatu, malori mawili ya volti 24 na pikapu moja. Baadhi ya safari zinapita sehemu ambazo mtandao hakuna kwa saa nzima au zaidi. Sitaki kuandika "usitumie simu ukiendesha" halafu basi. Hilo kila dereva analijua na halibadilishi kitu.

Nataka vitu vya kutekelezeka. Simu ya ramani ifungwe sehemu gani ya gari? Kuongea kwa spika au kwa kifaa cha sikioni ni salama kweli au tunajidanganya? Chaja ipi haitaunguza simu, hasa kwenye malori? Ajali ikitokea dereva apige namba gani, aanze kusema nini, na kama hana salio au mtandao afanyeje? La mwisho, nimeshauriwa kuweka kitochi (simu ndogo ya vitufe) cha akiba kwenye droo ya dashibodi ya kila gari, kimezimwa na chaji imejaa. Ni wazo zuri?

Wenye utaalamu naomba mnisaidie, tena kwa undani.

---

Gia_ya_Tano

Mkuu, naanza na stendi, maana hapo wengi wanakosea siku ile ile wanayoinunua.

Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, tazama mbele kama unavyoendesha. Simu isizibe sehemu yoyote ya barabara wala vioo vya pembeni, na isiwe chini kiasi cha kukufanya uinamishe kichwa. Kwa magari mengi panabaki kona ya chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, au juu ya dashibodi karibu na katikati, simu ikilala kwa upana. Kuiweka karibu na gia ni kosa: kila ukiitazama macho yanashuka mbali na barabara na yanachelewa kurudi.

Sasa tafuta maandishi ya SRS au AIRBAG yaliyochongwa kwenye plastiki: kwenye usukani, mbele ya abiria, na juu ya nguzo za pembeni ya kioo kama gari lina mifuko ya hewa ya pazia. Mfuko wa hewa unajaa kwa takriban sekunde 0.03. Chochote kilichobandikwa juu yake au mbele yake kinageuka jiwe la manati. Ndiyo maana stendi ya kubandika juu ya dashibodi mbele ya abiria haifai hata kama inaonekana nadhifu.

Stendi ya mpira wa kunyonya kioo huanguka kwa sababu mbili: vumbi lenye mafuta kwenye kioo, na hewa inayopenya polepole jua likipasha mpira. Futa kioo kwa spiriti, subiri kikauke, bandika kioo kikiwa hakijapata joto, halafu uibonyeze upya kila wiki. Ile ya kubana kwenye matundu ya kiyoyozi ina faida moja kubwa: ubaridi unapoza simu. Ukiwasha joto inageuka tanuri, na simu nzito huvunja vile vibao vyembamba kwenye barabara ya matuta. Kwa malori na mabasi madogo mimi ningechagua stendi ya skrubu. Sumaku peke yake siiamini kwenye barabara mbovu.

Simu isiyofungwa ni hatari nyingine. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, simu iliyolala juu ya dashibodi inaendelea na mwendo ule ule, karibu mita 14 kwa sekunde, hadi ikutane na kitu. Ikiwa mapajani huteleza ikaingia chini ya pedali ya breki. Andika kwenye mwongozo wako: simu ikianguka sakafuni inabaki sakafuni mpaka gari lisimame. Hata ikiita.

Ramani iwekwe kabla ya kuondoka: anwani imeshaandikwa, sauti ya maelekezo imewashwa, ramani ya njia nzima imepakuliwa ili ifanye kazi bila intaneti, mwanga wa skrini uko kwenye kujirekebisha wenyewe na rangi za usiku zimewashwa. Skrini nyeupe usiku huyafanya macho yasione vizuri gizani hata baada ya kuitazama mara moja tu.

Kuhusu spika na kifaa cha sikioni, jibu halitawafurahisha madereva. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara 4 zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kushika simu hakuna unafuu mkubwa. Tatizo la mikono ni sehemu ndogo tu; kichwa kiko kwenye maongezi. Utafiti wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani wa mwaka 2015 ulikuta kuwa baada ya kutoa amri ya sauti kwa simu au gari, umakini wa dereva unaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 600.

Na ujumbe? Kuusoma huchukua macho kwa sekunde 5 hivi. Kwa mwendo huo huo wa 80 ni mita 111 bila kuona mbele. Kwa 100 ni mita 139. Miongozo ya usalama wa magari ya Marekani inataka kila jicho linalotupwa kwenye skrini lisizidi sekunde 2, na hizo 2 ni kwa kutazama mshale wa ramani, si kusoma sentensi.

Lakini Msafara6, ukinisikiliza kwa moja tu, lisikilize hili: mara nyingi anayesababisha ni anayepiga, si dereva. Ofisi inapiga "umefika wapi?" kila nusu saa halafu inamlaumu dereva kwa kupokea. Sheria ya kwanza iwe ya ofisi: haipigi simu kwa dereva aliye njiani. Inampigia utingo au kondakta. Kama yuko peke yake inatuma ujumbe, naye anajibu kwenye kituo. Kwenye simu washeni Usinisumbue ya kuendesha gari, ile inayowaka yenyewe simu ikiunganishwa na Bluetooth ya gari, na muweke jibu la moja kwa moja: "Naendesha, nitakupigia nikisimama." Anayepiga akizoea kujibiwa hivyo, ataacha.

Kusimama kwenyewe ni kutoka nje ya barabara kabisa. Kusogea pembeni huku tairi mbili ziko kwenye lami ni kutafuta kugongwa kwa nyuma. Taa nyekundu pia si maegesho. Sheria za nchi nyingi zinakuhesabu bado unaendesha.

---

FundiWaya

Nichukue upande wa umeme.

Gari dogo injini ikiwaka lina volti 13.8 hadi 14.4. Lori la volti 24 linafika 28 hivi. Chaja iliyoandikwa "12V" tu ukiichomeka kwenye lori inaweza kufa papo hapo, na hilo ndilo afadhali. Ubaya ni pale swichi yake ya ndani inapoungua ikiwa imeshikana: umeme wote wa betri unapita kwenda kwenye simu badala ya volti 5. Nunua iliyoandikwa 12–24V au 12–32V, yenye fyuzi kwenye ncha yake (ncha inafunguka kwa kuzungusha). Nunueni aina moja kwa magari yote sita, ili ya pikapu ikihamia kwenye lori isilete msiba.

Njia rahisi ya kupima chaja mbovu: washa redio ya FM kwenye stesheni dhaifu, kisha chomeka chaja. Redio ikianza kukwaruza, chaja haina vichujio vya maana ndani, na mtengenezaji aliyebana matumizi hapo hakosi kuwa amebana na pengine. Jaribio la pili: chaji kwa dakika 20, kisha ishike. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma vidole, itupe.

Soketi ya sigara yenyewe ina fyuzi, kwa kawaida kati ya ampea 10 na 20. Ikikata ghafla, kabla ya kulaumu chaja angalia kama kuna sarafu au karatasi ya fedha ya sigara imedondokea ndani. Na chaja isiyobana vizuri ni adui wa kimyakimya: kila mtikisiko unatoa cheche ndogo kwenye ncha, ncha inapata moto, plastiki inalainika, inalegea zaidi. Ukiona ncha imekuwa nyeusi, badilisha chaja na usafishe soketi (fyuzi ikiwa imetolewa).

Watu wanaogopa kuchaji simu injini ikiwa imezimwa kwamba betri ya gari itaisha. Piga hesabu. Betri ya simu ya 5000 mAh ni kama Wh 19 (Wh ni kipimo cha nishati). Ongeza upotevu wa chaja, chukua Wh 28. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ni Ah 2.3 (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri). Betri ya gari ya Ah 60 imepungua asilimia 4 tu. Gari likiharibika porini, chaji simu bila wasiwasi. Kinachomaliza betri ni taa kubwa, feni ya kiyoyozi na redio yenye amplifaya. Angalia tu kama soketi yako inafanya kazi ufunguo ukiwa umezimwa. Magari mengi yanahitaji uzungushe hadi nafasi ya kwanza.

Pawabenki: ya 10,000 mAh haichaji simu ya 5000 mara mbili. Namba hiyo ni ya seli za volti 3.7, yaani Wh 37. Ikipandishwa hadi volti 5 na kupotea njiani unabaki na chaji moja na kidogo. Panga hivyo.

Joto sasa. Watengenezaji wengi wanataka simu itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na ikiwa imezimwa isihifadhiwe sehemu inayozidi 45 hivi. Dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita 60 bila shida. Simu ikipata joto inaanza kufifiza skrini, inaacha kuchaji, kisha inajizima. Ikifika hapo usiipeleke kwenye friji wala kuimwagia maji. Itoe kwenye jua, itoe kava, ichomoe chaja, iache hewani. Kuifunga mbele ya kioo, ramani ikiwaka, inachaji kwa kasi, jua la saa saba mchana: hayo manne yakikutana simu yoyote itasalimu amri. Punguza moja, na rahisi kupunguza ni kuchaji.

Kwa hiyo kitochi cha kwenye droo? Hapana. Droo ya gari ni sehemu ya joto, betri iliyojaa kabisa ikikaa kwenye joto inazeeka haraka na inavimba. Baada ya miezi kadhaa utakuta kimekufa siku unayokihitaji. Kitu cha kukaa ndani ya gari ni kile kisicho na betri: chaja moja na nyaya mbili za aina tofauti. Pawabenki ikae kwenye begi la dereva, iingie na itoke naye.

---

Zamu_ya_Usiku

Nitajibu la dharura, maana wengi hudhani ni kupiga tu.

Tofautisheni aina mbili za simu. Namba ya kawaida ya kituo cha polisi au ya hospitali ni simu ya kawaida: inataka salio na inataka mnara wa kampuni yako. Namba ambayo simu yenyewe inaitambua kuwa ya dharura ni kitu kingine. 112 imewekwa kwenye kiwango cha GSM (mfumo wa simu za mkononi), na pamoja nayo simu hutambua namba za dharura za nchi zilizoandikwa kwenye laini. Ukipiga namba hiyo, simu hutafuta mnara wowote wa kampuni yoyote, na mtandao huipa kipaumbele. Haihitaji salio, na haihitaji kufungua skrini: kwenye skrini iliyofungwa kuna maandishi ya Simu ya dharura. Hivyo ukiona "Simu za dharura pekee", usikate tamaa. Maana yake mnara upo, ila si wa kampuni yako.

Mipaka yake: kama hakuna mnara wa kampuni yoyote, 112 nayo haiendi kokote. Na si kila mahali inapokelewa na watu wale wale, kwa hiyo andikeni kwenye kadi namba rasmi za polisi, zimamoto na gari la wagonjwa za kila nchi mnayopita. Namba zenu nyingine zihifadhiwe na alama ya + na msimbo wa nchi, la sivyo dereva akivuka mpaka hazitaita.

Simu isiyo na laini kabisa? Usiitegemee. Nchi nyingine zinapokea, nyingine kama Uingereza na Ujerumani zimezuia kwa sababu ya utani. Hata inapopokelewa, kituo hakiwezi kukupigia tena simu ikikatika.

Mpangilio baada ya ajali uwe huu. Kwanza zima injini, washa hazadi, ondoa mahali penye hatari watu wanaoweza kutembea, weka pembetatu nyuma ya gari. Kwenye barabara ya mwendo mkubwa mita 100 si nyingi. Kisha upige, ukiwa umesimama nje ya njia, nyuma ya kizuizi cha barabara kama kipo. Kama mko wawili, mmoja apige mara moja wakati mwingine anaweka pembetatu.

Hapa kuna mtego ambao wachache wanaujua. Simu ilikuwa imeunganishwa na gari kwa Bluetooth. Wewe uko nje umeiweka sikioni, mpokeaji anaongea kwenye spika za gari, na wewe unasikia kimya. Watu hukata na kupiga tena mara tatu. Kuzima ufunguo wa gari huwa kunatosha, ingawa baadhi ya magari hubaki yameunganishwa mpaka mlango ufunguliwe. Kama bado, bonyeza alama ya sauti kwenye skrini ya simu inayoendelea na uchague Simu au Spika. Fundisheni hili kwa vitendo, gari likiwa uwanjani.

Neno la kwanza liwe mahali. Si "jamani njooni haraka", si historia ya ajali. Simu inaweza kukatika sekunde ya kumi, na kama walichosikia ni mahali tu, bado wanaweza kuja. Mfano wa kusema: "Barabara kuu, tumepita jiwe la kilomita 84 tukielekea kaskazini, upande wa kushoto chini ya daraja. Ajali ya basi dogo. Majeruhi watano, wawili hawajibu wakiitwa, mmoja amebanwa. Mafuta yanavuja, moto hakuna. Napiga kutoka namba hii." Mahali na uelekeo, kilichotokea, idadi na hali ya watu, hatari iliyopo: mafuta, nyaya za umeme, mzigo wa kemikali. Kisha nyamaza ujibu maswali, na usikate mpaka uambiwe. Maswali yale hayachelewishi gari. Mara nyingi mwenzake ameshalituma huku wewe unajibu.

Weka simu kwenye spika uiache chini kando yako, mikono ifanye kazi. Kama mtu hapumui, mpokeaji anaweza kukuongoza kubonyeza kifua: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Vidole vyenye damu au maji havifungui simu kwa alama ya kidole. Ndiyo sababu kuna njia ya vitufe: kwenye iPhone shikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti, kwenye Android ya toleo la 12 na kuendelea, nyingi hukubali kitufe cha kuwashia kibonyezwe haraka mara 5. Iwasheni na muone inavyofanya kazi bila kuiruhusu ikamilishe simu. Ikitokea imepiga kwa bahati mbaya, usikate. Sema "nimekosea, hakuna dharura". Ukikata watahangaika kukutafuta.

Halafu taarifa za matibabu: kundi la damu, mzio, dawa, na watu wawili wa kupigiwa. Simu zina sehemu yake, na inasomeka bila kufungua skrini. Dereva mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiweke simu kwenye mfuko wa shati; umbali uzidi sentimita 15 kutoka kifuani, na simu ikiwa inachajiwa bila waya uzidi sentimita 30.

Ninatofautiana kidogo na FundiWaya kuhusu kitochi. Faida yake ni kubwa sehemu zenye mtandao dhaifu: betri yake inakaa siku nyingi. Ila kisikae kwenye droo. Dereva awe nacho mfukoni, kikiwa kimewashwa, na laini iliyo hai. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na kampuni. Pia angalieni kizazi cha mtandao: pale 2G na 3G zinapozimwa, kitochi kisichoweza kupiga kupitia 4G kinabaki tochi kweli.

Na sababu kubwa ya kuwa nacho mwilini ni kwamba simu ya kwenye stendi ikiruka wakati wa ajali, hujui itaangukia wapi, na mtu aliyebanwa na kiti hawezi kuitafuta. Kwa abiria ni vivyo hivyo: simu mfukoni, si kwenye begi lililo juu.

---

Msafara6

Asanteni sana wakuu, hili la Bluetooth sikuwahi kulifikiria. Nimebakiwa na matatu. Sehemu zisizo na jiwe la kilomita wala jina, dereva atasemaje alipo? Gari likisombwa na maji apige simu saa ngapi? Na vituo vya mafuta: simu inalipua kweli?

---

Dira

Mahali: GPS ya simu haihitaji mtandao wala salio. Inapokea tu kutoka kwenye setilaiti. Bila intaneti ya kuisaidia hukawia, dakika moja hadi kadhaa, kwa hiyo toka nje ya gari, simama pasipo na miti juu, subiri namba zitulie. Kila simu iwe na programu inayoonyesha latitudo na longitudo bila intaneti, na dereva aijue kabla.

Makosa hutokea kwenye kuzisoma. Tuseme simu inaonyesha 4°30'45" kusini. Hiyo kwa desimali ni 4.5125, kwa sababu dakika 30 ni nusu ya digrii na sekunde 45 ni 0.0125. Dereva akiisoma "nne nukta thelathini arobaini na tano", mwokoaji anaandika 4.3045 na anakwenda kilomita 23 mbali na ajali. Akisahau kusema "kusini", au akaacha alama ya kutoa kwenye -4.5125, anaonekana yuko kaskazini mwa ikweta, kilomita 1000 na zaidi kidogo kutoka alipo. Programu zote za magari yenu ziwekwe kwenye desimali, basi. Someni tarakimu moja moja: "kutoa, nne, nukta, tano, moja, mbili, tano". Desimali 4 zinakupa mita 11 hivi, zinatosha. Aliyepokea arudie kwa sauti.

Nchi nyingine zina mfumo ambao simu janja hutuma mahali yenyewe ukipiga namba ya dharura, na modeli mpya za magari ya Ulaya tangu 2018 zina mtambo wa eCall unaopiga 112 mifuko ya hewa ikifunguka. Vizuri, lakini jifunzeni kusoma namba kwa mdomo.

Mtandao ukiwa dhaifu, SMS hupita pale sauti inaposhindwa. Inahitaji muda mfupi sana wa mawimbi, na kituo cha kampuni huihifadhi na kujaribu tena. Iandikeni bila emoji: herufi za kawaida 160 zinaingia kwenye SMS moja, ila emoji moja inashusha nafasi hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande. Kiolezo kikae kwenye simu tayari: "AJALI. Mahali -x.xxxx, y.yyyy. Majeruhi _. Saa _. Nitawasha simu kila saa kamili kwa dk 10."

Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu. Simu inayotafuta mnara ulio mbali hutumia nguvu nyingi na chaji inaisha hata bila kuguswa. Weka Hali ya ndegeni, itoe saa kamili kwa dakika 10, kisha irudishe. Panda mwinuko ukiweza kuona gari ukiwa huko. Usilipoteze gari kwa kutafuta mnara. Kukiwa na baridi kali, simu ikae ndani ya nguo karibu na mwili.

Ofisi nayo iwe na ratiba ya safari iliyoandikwa: dereva anaingia sehemu isiyo na mtandao saa fulani, anategemewa kutoka saa fulani, na akichelewa kwa dakika kadhaa mlizokubaliana nani anaanza kufuatilia. Bila hiyo, simu bora duniani haisaidii.

---

Zamu_ya_Usiku

Gari kwenye maji: simu ni ya mwisho. Gari huelea muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja hadi mbili, na dirisha linafunguka kwa urahisi kabla maji hayajalifikia. Fungua mkanda, shusha kioo, toa watoto kwanza, toka. Mlango usiujaribu, maji ya nje yanausukuma usifunguke. Anayeanza kueleza hali yake kwa simu anatumia dakika ile ile aliyokuwa nayo ya kutoka. Piga ukishafika pakavu. Moto ndani ya gari, au harufu ya gesi ndani ya nyumba, ni kanuni hiyo hiyo: toka, sogea mbali, ndipo upige.

Simu iliyolowa usiichomeke kwenye chaja. Kama inafanya kazi, piga simu yako ya muhimu sasa hivi, kwa sababu huenda baada ya saa moja isiwake.

---

FundiWaya

Vituo vya mafuta: cheche inayotisha pale ni ya umeme tuli wa mwilini. Mtu anaanza kujaza, anarudi kukaa kwenye kiti, nguo zinasuguana, anashuka na kushika pampu penye mvuke wa petroli. Simu yenyewe ikishutumiwa, uchunguzi umeonyesha mara kwa mara kuwa chanzo kilikuwa umeme tuli huo. Hata hivyo fuateni kibao kilichobandikwa, maana anayeongea na simu anajaza kupita kiasi na anasahau pampu tankini. Na aliyerudi ndani ya gari aguse bodi ya chuma, mbali na mdomo wa tanki, kabla ya kushika pampu tena.

Radi nayo, maana mtauliza: ndani ya gari la bodi ya chuma, vioo vimefungwa, mko salama na simu haiivuti radi. Ila ichomoeni kwenye chaja mpaka ipite.